Nyonga zimechoka, taya je? Majibu ya barua zenu

Toleo lililopita nilidokeza kwa sentensi mbili tu kwamba mwanamke akiambiwa mifupa ya nyonga imepungua, asidhani taya nalo limepungua kiasi hichohicho, na kwamba jambo hilo tulianza kulifahamu kwa panya wa maabara. Sentensi hizo zimeniletea barua nyingi kuliko makala zangu zote za mswaki. Nimechagua chache na kuzifupisha. Ambao sijawajibu, mnivumilie.

"Daktari, salaam. Nimefundisha baiolojia mpaka nimestaafu. Panya jike hapati hedhi, kwa hiyo hana cha kukoma. Mnawezaje kumtumia kutueleza sisi wanawake wa miaka sitini na kitu? Na hata mkimtumia, taya lake na langu wapi na wapi?" – Mwalimu mstaafu, Muheza

Shikamoo Mwalimu. Swali lako ndilo linalowagombanisha watafiti wenyewe, kwa hiyo nipe nafasi.

Ni kweli panya hana hedhi. Mzunguko wake wa uzazi ni wa siku 4 au 5, na uzeeni haukomi kwa namna unavyokoma kwetu. Kwa sababu hiyo hatumngojei azeeke. Analazwa kwa dawa ya usingizi, anapasuliwa kidogo, ovari zote mbili zinatolewa, anashonwa. Estrojeni, homoni ya kike inayotoka humo, inaporomoka mara moja. Panya mwenzake wa umri uleule anapasuliwa na kushonwa vilevile, ila ovari anaachiwa, tusije tukaisingizia homoni kwa jambo lililoletwa na kisu. Baada ya majuma kadhaa mifupa ya wote wawili inapigwa picha kwa siti-skani ndogo ya maabara, ile inayoonyesha hata vijiti vyembamba vya ndani ya mfupa.

Nimeifanya kazi hiyo nilipokuwa nasoma shahada ya pili. Cha kwanza kunishangaza hakikuwa mfupa, ulikuwa uzito. Panya aliyetolewa ovari ananenepa. Anakula kupita mwenzake na kiuno kinapotea. Sasa mnyama mnene huibebesha mifupa yake mzigo zaidi, na mzigo huilinda mifupa kidogo, kwa hiyo maabara makini huwapimia makundi yote mawili chakula kwa gramu. Ukisoma utafiti wa panya usioeleza habari ya chakula, usome jicho moja limefumba.

Tuje kwenye mifupa. Sehemu ya juu ya muundi huanza kupoteza vijiti vyake vya ndani katika muda wa wiki mbili hivi. Shingo ya paja hufuata baada ya kama mwezi, na pingili za kiunoni kama miezi miwili. Nilipoona picha ya kwanza ya muundi wa panya asiye na ovari niliona kimia kilichotobolewa na papa. Kisha nikaweka picha ya taya la panya huyohuyo, nikalazimika kuangalia namba ya mnyama mara ya pili, maana taya lilikuwa karibu zima.

Taya ni mkaidi. Zipo tafiti zilizoona limepungua, lakini kidogo na kwa kuchelewa. Zipo zisizoona kitu cha maana. Upungufu unapoonekana, mara nyingi huwa katika mfupa laini ulio katikati ya mizizi ya gego la kwanza, na kwenye ukingo unaoshika meno. Ule mfupa mgumu wa chini ya taya hukawia sana kuguswa.

Kwa nini? Sababu moja ni kazi. Muundi wa panya wa maabara unapumzika ndani ya kizimba, lakini taya halipumziki, linatafuna chakula kikavu usiku kucha. Hili si dhana tu. Panya waliotolewa ovari wakipewa chakula hichohicho kikiwa kimesagwa na kulowekwa, mfupa wa taya hupungua zaidi. Sababu nyingine wewe umeifundisha darasani: mfupa wa taya hutokana na seli za ukingo wa neva katika kichwa cha kiinitete, ilhali paja na muundi hutokana na mesodemu, tabaka la kati la kiinitete. Mifupa hiyo haikuzaliwa tumbo moja, na haiisikilizi homoni kwa sikio moja.

Umeuliza taya lake na langu wapi na wapi. Mbali kweli! Ukilipasua taya la chini la panya utakuta jino la mbele limepita chini ya magego yote mpaka karibu na mwisho wa nyuma, na jino hilo linaota maisha yote. Halafu mfupa mgumu wa panya haujikarabati kutoka ndani kama wetu, ule utaratibu wa kuchimba vijitundu vya zamani na kuvijaza upya. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliuzingatia upungufu huo: mwongozo wake wa mwaka 1994 ulitaka dawa ya osteoporosisi, huo ugonjwa wa mifupa kupungua, ijaribiwe kwa panya aliyetolewa ovari na pia kwa mnyama mkubwa ambaye mfupa wake hujikarabati kama wa binadamu.

Mnyama gani basi? Kondoo ana mfupa wa aina hiyo, na ni mpole. Lakini kumtoa ovari peke yake hakumtikisi sana, mara nyingi inabidi aongezewe dawa za stereoidi na kupunguziwa kalisi, yale madini ya mifupa. Isitoshe anacheua kutwa, na kwenye taya la juu hana meno ya mbele, ana ufizi mgumu tu. Mbwa hupata joto mara mbili hivi kwa mwaka, muda mwingi estrojeni yake iko chini, kwa hiyo ukitoa ovari hujabadilisha mengi. Tumbili wa jamii ya makaki ndiye anayetukaribia, maana hupata hedhi kama sisi, ila gharama yake ni kubwa na dhamiri nayo inauma. Watu wanarudi kwa panya.

Basi Mwalimu, panya ametuonyesha njia inaelekea wapi, hakutupimia urefu wake. Mtu akikuletea asilimia za taya la panya akazihamishia kinywani mwako, muage kwa heshima.

"Daktari, najua wewe ni wa watu, lakini daktari wa mifugo huku kwetu hapatikani kirahisi. Punda wangu amevimba uso pande zote mbili juu ya taya, anatafuna kwa shida, na mwendo wake ni wa kuchechemea. Namlisha vizuri, pumba kila siku." – Mchukuzi, Lamu

Barua hii nimeipenda kuliko zote, samahani kwa punda wako. Kwanza mtafute mtu wa mifugo hata ikibidi kuvuka bahari, kwa sababu uvimbe wa uso unaweza kuwa jino lililooza au usaha, na mimi siwezi kumpima punda kwa barua.

Ila nimeona neno pumba. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi haba. Mnyama akilishwa hivyo miezi kwa miezi, vitezi vidogo vya shingoni vinavyolinda kiwango cha kalisi kwenye damu huanza kuikopa kutoka kwenye mifupa. Na mfupa unaokopwa kwa pupa ni wa uso na taya. Madini yanatoka, mahali pake panajaa nyama ngumu ya nyuzinyuzi, na uso unafura. Farasi ndio waathirika wakubwa, punda na nyumbu nao hawakusalimika. Zamani huko Ulaya walifahamu vizuri ugonjwa wa farasi wa wasaga nafaka, maana hao ndio waliokuwa wakila mabaki ya kinu. Australia wanaupata kwa njia nyingine: nyasi za kikuyu, zilizotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na kupandwa kule malishoni, zina kemikali ya oksaleti inayoifunga kalisi tumboni, farasi akala akashiba na bado mifupa yake ikafa njaa.

Angalia hapo, na Mwalimu wa Muheza aangalie pia. Kwa panya asiye na estrojeni, taya huwa la mwisho kupungua. Kwa mnyama aliyekosa kalisi, taya huwa la mwanzo. Msweden Henrikson aliliona hilo kwa mbwa, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1968: aliwalisha chakula chenye kalisi kidogo na fosforasi nyingi, na mfupa unaoshika meno ukapungua mapema. Waliomfuata walibishana naye kama hali hiyo yenyewe huleta ugonjwa wa fizi, na nadhani wabishi walikuwa na haki, kwa sababu fizi huharibiwa na uchafu na bakteria kwanza. Lakini kuhusu mfupa wenyewe, aliona sawa. Ndiyo maana mgonjwa akiniambia "mifupa yangu ni dhaifu" namuuliza kwanza udhaifu huo umeletwa na nini: hedhi kukoma, stereoidi, figo, au chakula. Kila chanzo kina mfupa wake kinaouanzia.

Kwa punda: pumba zipungue, apate majani na madini ya chokaa kwa kipimo atakachopewa na mtu wa mifugo. Uvimbe wenyewe huenda usirudi wote. Kuchechemea hupona mapema zaidi.

"Shikamoo dada daktari. Mama ana miaka 68, alivunjika kifundo cha mkono mwaka jana, akapewa kidonge cha alendroneti cha kila wiki. Sasa gego linamuuma na shavu limevimba. Jirani kasema mtu anayekunywa dawa hiyo aking'olewa jino taya linaoza. Mama ameogopa, ameacha dawa na jino amekataa kuligusa." – Binti, Mombasa

Marahaba mdogo wangu. Jirani hakusema uongo, amesema robo ya ukweli, na robo hiyo ndiyo inayomtesa mama.

Mwaka 2003 daktari wa upasuaji wa taya wa Marekani, Robert Marx, aliripoti wagonjwa 36 ambao mfupa wa taya ulikuwa umekufa na kuachwa wazi kinywani. Wote walikuwa wametumia dawa za ukoo wa alendroneti, na wengi wao walikuwa wagonjwa wa saratani waliopewa za kuchomwa mshipani, kwa dozi kubwa na mara kwa mara. Kwa watu wanaokunywa vidonge kwa ajili ya osteoporosisi, jambo hilo hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya elfu. Mama yako yuko kundi hili.

Wanyama walitusaidia sana kuelewa, na hapa panya amefanya kazi nzuri kuliko kwenye suala la Mwalimu. Panya akichomwa asidi ya zoledroniki, dawa yenye nguvu ya ukoo huo, kisha akang'olewa gego, wengine kidonda hakifungi na mfupa unaoza. Matokeo hayo ndiyo yaliyowatia watu hofu ya koleo. Lakini kuna majaribio mengine: panya wamepewa dawa hiyohiyo, hawakung'olewa kitu, ila jino limetobolewa au limefungwa uzi ili fizi iambukizwe. Hao nao mifupa yao imekufa. Maana yake jino bovu lililoachwa mahali pake ni hatari kwa nafsi yake, na mama kwa kulikataa hajajiokoa na chochote. Kumbuka pia kwamba dozi wanazopewa panya hao mara nyingi ni zile za wagonjwa wa saratani au zaidi.

Kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa meno kesho, shavu lililovimba halingoji. Aende na paketi ya dawa na aseme ameitumia tangu lini. Daktari atatibu uambukizo, atatazama kama jino linaweza kuokolewa kwa kutibu mzizi, na likibidi kutoka litatolewa kwa kuumiza mfupa kidogo iwezekanavyo, kidonda kisafishwe na kufuatiliwa mpaka kifunge. Kuhusu dawa, azungumze na aliyemwandikia. Alendroneti hukaa ndani ya mfupa kwa miaka, kuiacha wiki moja hakubadilishi chochote kwenye taya, ila kuiacha moja kwa moja kunamrudisha kwenye hatari iliyomvunja mkono.

Wapo watakaosoma hili wakiwa kwenye sindano ya denosumabu, dawa nyingine ya mifupa, ya kila miezi sita. Nyinyi msiicheleweshe sindano kwa uamuzi wenu. Dawa hiyo haikai mfupani, ikiisha nguvu mfupa hupungua kwa kasi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika, wakati mwingine kadhaa kwa pamoja.

"Assalamu alaykum. Nina miaka 61, naishi Maskati na wanangu. Nataka kuwekewa meno ya kupandikiza ya titani. Binti yangu amesoma kwamba kwa panya wenye mifupa dhaifu titani haishiki. Ni pesa nyingi, naogopa zisipotee." – Bi Mkubwa, Maskati

Waalaykumu salaam Bi Mkubwa, shikamoo. Binti yako amesoma sawasawa, lakini muulize titani hiyo iliwekwa wapi. Taya la panya ni dogo na limejaa jino, kwa hiyo watafiti wengi huweka skrubu kwenye muundi wa mguu. Na muundi, kama nilivyomjibu Mwalimu, ndio mfupa unaoporomoka wa kwanza ovari zikitolewa! Titani ikishika vibaya pale, tumejifunza habari za muundi.

Jambo lenyewe lilianzia mguuni, tena kwa sungura. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, miaka ya 1950, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani, na alipotaka kukitoa kikawa kimeshikana na mfupa. Mgonjwa wake wa kwanza alipandikiziwa meno mwaka 1965.

Kwa wanawake waliofuatiliwa, osteoporosisi peke yake si kizuizi cha kupandikiza meno. Daktari wako anaweza kungoja zaidi kabla ya kuweka jino juu ya skrubu, kwa kuwa mfupa wako huponea polepole. Zaidi ya hapo mimi ningeuliza mambo mengine: unavuta sigara au shisha? Sukari iko kwenye kipimo? Fizi zinatoka damu? Na dawa gani ya mifupa unatumia, ya kidonge au ya sindano? Hayo huharibu vipandikizi vingi kuliko kipimo cha nyonga.

Watakupiga eksirei ya taya zima. Mwombe daktari aangalie unene wa mfupa mgumu wa chini ya taya, karibu na tundu la neva lililo chini ya magego madogo. Ukiwa chini ya milimita 3, na kama hujawahi kupimwa mifupa, nenda ukapimwe. Taya hukawia kupungua, halikatai, na picha aliyoilipia mtu kwa ajili ya meno imewahi kugundua ugonjwa wa nyonga ambao hakuna aliyekuwa akiutafuta.

"Bibi yangu hana jino hata moja, anakula uji na ndizi za kuponda. Kidevu kimepanda karibu kuigusa pua. Ni osteoporosisi?" – Mjukuu, Bukoba

Inaweza kuchangia, lakini mshitakiwa mkuu ni kukosa meno. Ule ukingo wa mfupa upo kwa ajili ya kushika meno, yakitoka nao huyeyuka, kwa mwanamke na kwa mwanamume. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alionyesha, kwa watu wenye meno kamili ya bandia aliowafuatilia kwa miaka mingi, kwamba taya la chini hupungua karibu mara nne ya taya la juu. Panya waliotolewa ovari na kung'olewa magego hupoteza ukingo huo zaidi ya wenzao, kwa hiyo bibi huenda anapata hasara mbili kwa pamoja.

Kama ana meno ya bandia ya zamani yanayocheza, yanambana mfupa vibaya, yakatengenezwe upya. Uji usiwe wa mahindi matupu. Mchanganyie ulezi, maziwa au mtindi, na dagaa waliosagwa kwenye mboga. Mchicha ni mzuri kwa mengine, kwa kalisi usiutegemee, una oksaleti kama zile nyasi za farasi wa Australia. Na bibi atolewe nje akae juani kidogo kila siku, watoto wa siku hizi mnawafungia wazee ndani kwa kuwapenda.

"Daktari, nikitafuna mifupa ya kuku kila siku, taya litakuwa gumu?" – Kijana, Kigoma

Mwanangu, utapasua gego, nami nitakuona ukiwa umeshika shavu. Mzigo wa kawaida wa chakula unatosha: muhogo, mahindi ya kuchoma, miwa kwa kiasi. Mfupa wa kuku uliopikwa unavunjika kwa ncha kali, na nimetoa zaidi ya kimoja kwenye fizi za watu. Kama ni kalisi unayoitafuta, uko Kigoma, kando ya ziwa. Kula dagaa wazima, na vichwa vyao.